Simu inaporekodi ukimya: Ruhusa ya maikrofoni na namna ya kuirejesha

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MASIMULIZI ya wazee ni hazina ambayo Mkoa wa Njombe bado haujaichimba ikaisha. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu maisha ya familia za Njombe katika karne ya 20, alitegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu za wazee wenyewe badala ya kutosheka na majalada ya serikali.

Naye Michelle Morrison, ambaye mwaka 2011 alikamilisha tasnifu ya sarufi ya Kibena katika Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani, alihitaji sauti za wasemaji wa lugha hiyo, kwa sababu Kibena ni lugha yenye toni, na toni haionekani katika maandishi ya kawaida. Neno likiandikwa bila kusikika, sehemu ya maana yake hubaki kinywani mwa msemaji.

Kazi ya namna hiyo zamani ilihitaji mashine ya kanda na betri za kubeba. Leo kijana wa Makambako mwenye simu ya bei ya kawaida anaweza kuketi na bibi yake, akabonyeza kitufe chekundu na kurekodi habari za ukoo, za mashamba ya miwati, au zile zilizopokewa kutoka kwa waliotangulia kuhusu Vita ya Maji Maji na shambulio la misheni ya Yakobi la Septemba 1905.

Hata hivyo, yapo maudhi ambayo wengi waliojaribu wameyaonja. Dakika za kurekodi zinahesabiwa vizuri, faili linahifadhiwa, ukubwa wake ni wa kuridhisha, lakini likifunguliwa halina kitu. Ni saa nzima ya ukimya. Mzee wa miaka 80 na ushee hawezi kuombwa arudie kesho kwa pumzi na kumbukumbu ile ile, na wapo ambao kesho hiyo haiwafikii.

Mwenye simu kwa kawaida huamua kwamba maiki imekufa, akaenda kwa fundi. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika simu za miaka hii, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa kabla ya kufungua skrubu yoyote ni ruhusa: mfumo wa simu umeizuia programu kusikia, na umefanya hivyo kwa makusudi.

Linux mfukoni mwa kila mtu

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba karibu kila simu janja inayouzwa madukani Njombe na Makambako, isipokuwa iPhone, inaendeshwa na kiini cha Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na imekuwa ikisambazwa bure tangu hapo.

Tanzania si ngeni kwa Linux. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Wakati huo Linux ilikuwa habari ya kompyuta za mezani na ya watu wachache. Iliyoipeleka mifukoni mwa watu wote ni Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008 na ambayo imejengwa juu ya kiini hicho hicho.

Simu za kitochi zenye intaneti nazo zimo. Smart Kitochi, iliyozinduliwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019, ilitumia KaiOS, mfumo uliozaliwa kutokana na Firefox OS ya Mozilla, na chini yake pia kuna Linux.

Kundi la tatu ni dogo na la wapenzi wa teknolojia: simu za Linux halisi, zisizo na Android kabisa. Humo mna PinePhone ya kampuni ya Pine64, Librem 5 ya Purism, na simu za zamani zilizovuliwa Android na kuwekewa Ubuntu Touch au postmarketOS. Ni vigumu kuzikuta katika maduka ya mikoani, lakini kwa mwanafunzi au fundi anayepata simu kuukuu na kutaka kuifufua, njia ipo. Na kwa kuwa kila kitu ndani yake kiko wazi, ni katika simu hizo tatizo la maikrofoni linaonekana umbo lake lote.

Makundi yote matatu yamerithi desturi moja ya Linux: hakuna programu inayogusa kifaa bila kibali. Katika Android kila programu hupewa namba yake ya utambulisho, kana kwamba ni mtu tofauti aliyepanga chumba katika nyumba moja. Programu ya kurekodi haiwezi kuingia chumba cha WhatsApp, wala WhatsApp haiwezi kufungua maikrofoni kwa kuwa tu ya kwanza inayo ruhusa. Kila mpangaji ana ufunguo wake.

Kukataa kwa sauti, kukataa kwa kimya

Hadi kabla ya Android 6, iliyotoka mwaka 2015, mtumiaji alikubali ruhusa zote kwa mkupuo alipokuwa akisakinisha programu. Wengi walibonyeza bila kusoma. Kuanzia toleo hilo, programu hulazimika kuomba maikrofoni pale inapoihitaji, na mtumiaji hujibu ndiyo au hapana.

Jibu la hapana lilikuwa rahisi kulitambua, kwani programu iligoma kurekodi au ikaonyesha ujumbe wa kosa. Huko ni kukataa kwa sauti. Mtu anakasirika, anatafuta sababu, anaipata.

Matata yameletwa na kukataa kwa kimya. Android 9 ya mwaka 2018 iliweka sharti kwamba programu iliyo nyuma ya pazia, yaani isiyoonekana kwenye kioo na isiyoonyesha taarifa ya kudumu juu ya kioo, isisikie maikrofoni. Lakini mfumo hauiambii programu kwamba imezuiwa. Unaipa sauti tupu, sifuri juu ya sifuri, na programu inaendelea kuandika faili kama kawaida.

Sababu ya utaratibu huo ni ya msingi. Endapo mfumo ungetoa ujumbe wa kosa, programu nyingi zilizoandikwa zamani zingeanguka, na programu ya kijasusi ingejua kwamba imebainika. Ukimya unailinda siri ya mwenye simu. Unamwadhibu pia mwenye simu mwema ambaye aliigusa WhatsApp katikati ya mahojiano ili ajibu ujumbe, akaiacha programu yake ya kurekodi nyuma ya pazia.

Android 10 ya mwaka 2019 iliongeza kanuni nyingine. Kabla yake, programu mbili hazikuweza kutumia maikrofoni kwa pamoja. Sasa zinaweza kuifungua zote, lakini kwa kawaida ni moja tu inayosikia, na nyingine hupewa ukimya. Iliyo mbele kwenye kioo ndiyo hupewa kipaumbele. Simu inapopigwa na kupokelewa, mazungumzo ya simu huchukua maikrofoni, na programu ya kurekodi hubaki kiziwi hadi mazungumzo yaishe.

Mwaka 2020 ikaja Android 11, na pamoja nayo mambo matatu ambayo yamewachanganya watu wengi zaidi. La kwanza ni chaguo la kuruhusu kwa wakati huo pekee, ambalo hufutika muda mfupi baada ya kuiacha programu. La pili ni kwamba mtumiaji akikataa mara mbili, programu hairuhusiwi tena kuuliza. Anabonyeza kitufe cha kurekodi, hakuna swali linalotokea, na hakuna kinachorekodiwa. La tatu ni kwamba programu isiyotumika kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake zote. Utaratibu huu wa tatu baadaye Google iliupeleka hadi kwenye simu za kuanzia Android 6.

Hili la tatu ndilo linalowapata wale wanaorekodi kwa msimu. Mtu aliyerekodi hotuba za harusi mwezi Desemba, akaiacha programu hadi mwezi wa nane alipokwenda kijijini, anaweza kukuta programu ile ile, katika simu ile ile, haisikii tena. Hakugusa kitu, na hapo ndipo husema simu imerogwa.

Kisha Android 12 ya mwaka 2021 ikaweka swichi moja ya kuzima maikrofoni ya simu nzima. Ipo katika paneli ya kuteremsha kutoka juu ya kioo, jirani na vitufe vya tochi na Bluetooth, ingawa katika baadhi ya simu ni lazima mwenyewe aiongeze kwenye paneli hiyo. Ikizimwa, hata programu yenye ruhusa kamili huambulia ukimya. Mtoto akiichezea simu anaweza kuizima kwa kidole kimoja, na jambo la kwanza litakaloshukiwa ni maiki.

Toleo hilo hilo lilileta alama ya kijani katika kona ya juu ya kioo, inayowaka kila maikrofoni au kamera inapotumika. Ni alama ndogo, lakini kwa anayerekodi ndiyo shahidi wake wa karibu. Inapowaka, ipo programu iliyofunguliwa mlango. Isipowaka wakati saa ya kurekodi inahesabu, ni vyema kusimama hapo hapo.

Kurejesha ruhusa katika Android

Njia ya uhakika ni kuingia Mipangilio, kisha Programu, kuchagua programu inayorekodi, kufungua Ruhusa na kugusa Maikrofoni. Hapo mtumiaji huchagua kuruhusu wakati programu inatumika. Maneno hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno, Infinix na itel, kwa kuwa kila kampuni huipamba Android kwa namna yake, lakini mpangilio ni ule ule.

Katika ukurasa huo huo wa programu, kwa chini, kuna swichi inayohusu programu isiyotumika. Ikizimwa, mfumo hautaondoa ruhusa hata programu ikikaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Kwa programu ya kurekodi inayoaminika inafaa kuizima. Kwa mchezo wa karata ulioomba maikrofoni bila sababu inayoeleweka, iachwe kama ilivyo, au bora zaidi mchezo wenyewe uondolewe.

Baada ya hapo hutazamwa swichi ya simu nzima, iliyo pia chini ya Faragha katika Mipangilio. Watu wengi huishia kwenye ruhusa ya programu na kusahau swichi hii, wakarudi kwa fundi na malalamiko yale yale.

Adui mwingine ni kubana matumizi ya chaji. Simu nyingi za bei nafuu huja na programu ya kusafisha na kuokoa betri, ambayo huua kazi zinazoendelea mara kioo kinapozimika. Mahojiano ya saa moja hukatika dakika ya tano bila taarifa. Dawa yake ni kuiondoa programu ya kurekodi katika orodha ya zinazobanwa, chini ya mipangilio ya betri, au kuacha kioo kikiwaka muda wote ikiwa chaji inaruhusu.

Kuhusu simu zinazoingia katikati ya kazi, hakuna mpangilio unaoshinda hali ya ndege. Kuiwasha kabla ya kuanza huondoa mwingilio wote wa mtandao na pia huokoa betri. Mwandishi wa redio anayemhoji dereva wa lori pale Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, hatapata nafasi ya pili. Lori likiondoka limeondoka.

Wapo wanaorekodi kupitia tovuti badala ya programu. Mfano ni Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za watu wa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, ili kompyuta zijifunze kuwaelewa. Hapo milango ni miwili: simu iiruhusu programu ya kuvinjari, na programu ya kuvinjari iiruhusu tovuti husika. Mmoja ukifungwa hakuna sauti. Ruhusa ya pili hupatikana kwa kugusa alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, juu ya ukurasa. Aidha, tovuti isiyo na usalama wa https haipewi maikrofoni kabisa, hata mtumiaji akitaka.

Kwa wenye simu za KaiOS, mambo ni mepesi. Katika mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kuna orodha ya ruhusa za programu. Kila moja huonyesha iwapo maikrofoni inaulizwa, inakataliwa au inatolewa. Tatizo la simu hizi haliko tena kwenye ruhusa bali kwenye uhai wa programu zenyewe, kwani tangu katikati ya mwaka 2024 WhatsApp haipakuliwi tena katika duka la KaiOS.

Simu za Linux halisi

Katika simu za Linux isiyo Android, sauti hupita vituo vitatu kabla ya kufika kwenye faili, na kila kituo kina mlinzi wake. Anayeielewa safari hiyo hapotezi muda kubahatisha.

Kituo cha kwanza ni kifaa chenyewe. PinePhone ina safu ya swichi sita ndogo chini ya kifuniko cha nyuma, zinazokata umeme au mawasiliano ya vifaa mbalimbali. Ya tatu ni ya maikrofoni. Ikiwa upande wa kuzima, hakuna amri wala mpangilio wowote utakaoleta sauti, kwa kuwa waya umekatwa kweli kweli. Katika Librem 5 swichi ziko ubavuni, na moja huzima kamera na maikrofoni kwa pamoja. Mnunuzi wa simu iliyotumika aanzie hapo, maana mwenye simu wa awali huenda aliizima kwa sababu zake.

Baada ya swichi huja kiini cha Linux, ambacho hukishughulikia kifaa cha sauti kupitia mfumo uitwao ALSA. Amri ya arecord -l, ikiandikwa katika dirisha la amri, huorodhesha vifaa vinavyoweza kurekodi. Orodha ikiwa tupu, tatizo si ruhusa ya programu. Huenda mtumiaji hana haki ya kuvifikia vifaa hivyo, au kiini hakina kiendeshi cha maikrofoni ya simu hiyo. Kwa simu za zamani zilizowekewa postmarketOS, mradi ulioanza mwaka 2017, hilo la pili hutokea: kioo kinafanya kazi, Wi-Fi inafanya kazi, lakini maikrofoni bado haijaandikiwa kiendeshi. Ukurasa wa simu husika katika tovuti ya mradi huo hueleza kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, na inafaa kuusoma kabla ya kufuta Android, si baada yake.

Haki za mtumiaji huangaliwa kwa amri ya groups. Kwa desturi ya Linux, vifaa vya sauti ni mali ya kundi liitwalo audio. Mifumo mingi ya sasa humpa haki moja kwa moja aliyeingia kwa kutumia kioo cha simu, bila kujali kundi. Lakini anayeingia kutoka kompyuta nyingine, au anayeendesha programu ya kurekodi kwa saa maalumu, anaweza kufungiwa nje. Hapo huongezwa katika kundi kwa amri ya sudo usermod -aG audio, ikifuatiwa na jina la mtumiaji, kisha anatoka katika mfumo na kuingia upya. Bila kutoka na kuingia, mabadiliko hayaonekani.

Herufi ndogo a katika amri hiyo si pambo. Ikisahauliwa, mtumiaji huwekwa katika kundi la audio na kuondolewa katika makundi mengine yote, likiwamo lile linalompa uwezo wa kusimamia simu yake. Ataipata maikrofoni na kupoteza usukani.

Kituo cha pili ni mgawa sauti, yaani PulseAudio au, katika mifumo mipya zaidi, PipeWire. Huyu hupokea sauti kutoka kwenye kiini na kuigawa kwa programu zinazoiomba. Hapa ruhusa inaweza kuwepo na bado faili likatoka tupu, kwa sababu mbili za kawaida. Maikrofoni inaweza kuwa imenyamazishwa, nayo huamshwa kwa amri ya pactl set-source-mute @DEFAULT_SOURCE@ 0. Au programu inasikiliza chanzo kisicho sahihi.

Sababu hiyo ya pili huwapotezea watu muda mwingi. Amri ya pactl list short sources huonyesha vyanzo vyote vya sauti, na baadhi ya majina huishia na neno monitor. Hivyo si maikrofoni. Ni mwangwi wa kile ambacho simu yenyewe inakitoa kwenye spika. Programu iliyoelekezwa huko itarekodi muziki unaopigwa na simu kwa ubora wa hali ya juu, lakini mzee akizungumza mbele yake haitamsikia hata neno. Anayeona kwamba faili lake lina mlio wa ujumbe ulioingia lakini halina sauti ya mtu, ajue amefika kwenye mwangwi.

Kituo cha tatu ni kizimba cha programu. Programu za Flatpak huishi ndani ya kizimba na huona tu kile zilichoruhusiwa. Ikiwa programu haikupewa tundu la PulseAudio, haitacheza wala kurekodi sauti. Ruhusa hiyo inaweza kuongezwa kwa kugusa tu, kupitia programu iitwayo Flatseal, bila kuandika amri yoyote. Upungufu uliopo ni kwamba tundu hilo moja hutoa kucheza na kurekodi kwa pamoja, hivyo programu ya muziki iliyopewa spika imepewa na masikio. Kwa mfumo unaojivunia faragha, hilo ni doa.

Ubuntu Touch imefanya vizuri zaidi katika eneo hilo. Kampuni ya Canonical iliuanzisha mfumo huo na kuuachia mwaka 2017, nao ukachukuliwa na wanajamii wa UBports. Programu hulazimika kutangaza mapema kwamba itahitaji maikrofoni, na inapoihitaji kwa mara ya kwanza mtumiaji huulizwa. Jibu lake hutunzwa. Aliyekataa kwa bahati mbaya hataulizwa tena, lakini anaweza kubadili uamuzi katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya usalama na faragha, chini ya ruhusa za programu. Programu ambayo mtengenezaji wake hakutangaza maikrofoni haitaonekana kabisa katika orodha hiyo, na hapo mtumiaji hana la kufanya isipokuwa kutafuta nyingine.

Jaribio la kuhitimisha ni jepesi. Amri ya arecord -f cd -d 5 jaribio.wav hurekodi sekunde tano, na aplay jaribio.wav huzicheza. Sauti ikisikika hapo lakini isisikike katika programu, kosa liko kituo cha tatu. Isiposikika hata hapo, msafiri arudi nyuma kuelekea kwenye kifaa.

Pale ruhusa isipohusika

Ni haki kusema pia kwamba maikrofoni huharibika. Tundu lake, dogo kama ncha ya sindano, huwa chini ya simu karibu na mahali pa chaji, na vumbi la barabara za vijijini wakati wa kiangazi hulijaza taratibu. Kava lisilolingana na simu huliziba. Kulichokoa kwa pini ni kulimaliza, kwani nyuma yake kuna utando mwembamba unaotoboka. Brashi laini na kavu inatosha.

Hedifoni nazo hudanganya. Zile zenye waya na maiki yake zikichomekwa, simu huhamia kwenye maiki hiyo, nayo ikiwa mbovu matokeo ni yale yale ya ukimya. Kwa jaribio la haraka, mtu apige simu ya kawaida. Aliye upande wa pili akimsikia vizuri, maikrofoni ni nzima na uchunguzi urudi kwenye ruhusa.

Sheria na upande wa pili wa kitufe

Ugumu wote huu wa ruhusa haukubuniwa ili kuwasumbua watu. Simu hulala kando ya kitanda, huingia katika kikao cha ukoo na katika ofisi ya ushirika. Programu yenye ruhusa ya maikrofoni isiyodhibitiwa ni sikio la mtu mwingine ndani ya nyumba.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Kwa hiyo, mbali na ruhusa inayotolewa na simu, ipo ile inayotolewa na anayerekodiwa. Wanaohifadhi simulizi huirekodi mwanzoni mwa faili: msimulizi anataja jina lake, tarehe, na kwamba amekubali sauti yake itunzwe. Sekunde hizo chache hutumika pia kama jaribio. Zikichezwa papo hapo kabla ya kuendelea, tatizo la maikrofoni hubainika wakati mzee bado yupo mbele ya simu na chai haijapoa.

Kwa mgogoro unaoweza kufika mahakamani, kama wa mipaka ya shamba au wa mkataba wa kuuza parachichi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa kielektroniki, na uzito wake hupimwa pamoja na mambo mengine kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Faili la kwanza libaki katika simu bila kukatwa wala kubadilishwa jina. Nakala ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, kwa kuwa njia hiyo huifikisha kama ilivyo.